Kutoka kigingi hadi jaridani: kupima mizania ya barafuto na kuiandikia makala

Mhakiki wa jarida kubwa la kimataifa huenda hajawahi kuikanyaga barafuto unayoiandika, yaani ule mto wa barafu unaoteremka polepole mlimani. Yule wa jarida la kikanda huenda amelala juu yake kwenye hema, anajua upepo hurundika theluji upande upi na kigingi kipi huzama kila mwaka. Jökull ni mfano mzuri: ni jarida la Iceland linalotoka tangu 1951, likihusishwa na chama cha utafiti wa barafuto kilichoanzishwa 1950, na kurasa zake zinachanganya barafuto, volkano na jiolojia ya kisiwa hicho. Jarida la namna hii halidai nadharia mpya kwako. Linataka vipimo vilivyochukuliwa vizuri mahali panapojulikana, vikaelezwa kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuvirudia. Kasoro nyingi zinazoirudisha makala nyumbani huwa zilishatokea siku ya kupima, na mezani hakuna dawa yake.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi kuchapishwa: mizania ya mwaka ya barafuto moja, kwa vigingi (fimbo ndefu zinazochomekwa ndani ya barafu ili kusoma uso umeshuka kiasi gani) na mashimo ya theluji. Mizania hapa ni kama ya duka. Theluji inayoanguka na kubaki ndiyo mapato, na kinachoyeyuka au kumeguka ndiyo matumizi. Hesabu yote hutolewa kwa mita za maji, yaani kina ambacho theluji au barafu ile ingefikia kama ingeyeyushwa yote pale pale ilipo. Bila kipimo hicho mita moja ya theluji laini na mita moja ya barafu ngumu zingeonekana sawa, ilhali ya pili hubeba maji mara kadhaa ya ya kwanza.

Kalenda kwanza

Unahitaji ziara mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni mwisho wa majira ya baridi, theluji inapokuwa nyingi kuliko wakati wowote. Ya pili ni mwisho wa majira ya joto, kabla theluji mpya haijafunika barafu. Mwaka wa kihaidrolojia, yaani mwaka wa kuhesabia maji, katika nusu ya kaskazini ya dunia huhesabiwa kwa kawaida kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Septemba, lakini hali ya hewa haitakusubiri tarehe hiyo. Kwa hiyo amua mapema utatumia mfumo upi: wa tarehe zisizobadilika, wa tarehe halisi za ziara, au wa tabaka, ambapo mwaka unaanzia uso wa majira ya joto yaliyopita hadi uso wa majira ya joto yanayofuata. Huo uso wa zamani hujulikana kwa vumbi lake na ugumu wake. Makala nyingi hurudishwa kwa sababu mwandishi alitumia mfumo mmoja miaka ya mwanzo, akahamia mwingine, asiseme. Tofauti ya wiki mbili mwezi Septemba inaweza kuficha nusu mita ya barafu kwenye ulimi wa chini, yaani ncha ya barafuto inayoteremka bondeni.

Vigingi

Kwa barafuto ndogo ya bondeni, vigingi 5 hadi 10 vikipangwa vizuri hutoa jibu zuri kuliko 30 vilivyorundikwa mahali pafikikapo kirahisi. Vipange kufuata mstari wa katikati tangu chini hadi juu, kisha ongeza vichache vya pembeni ili uone kivuli cha milima na upepo vinaathiri kiasi gani. Kosa la kawaida ni kuacha eneo la juu tupu kwa kuwa lina nyufa, halafu kulijaza kwa kukisia. Kama nyufa zinazuia, sema hivyo kwenye makala na uongeze kiasi cha shaka, yaani kadirio la kosa, cha ukanda ule.

Kina cha tundu hupangwa hivi: kadiria barafu itakayoyeyuka hadi ziara ijayo, ongeza mita 1.5 hadi 2. Unapotarajia mita 6 za kuyeyuka, toboa 8. Kekee ya mvuke hufika kina hicho kwa chini ya saa moja katika barafu safi. Kekee ya mkono huchukua muda mrefu zaidi na hugota kwenye kokoto. Mabomba ya alumini ya mita 2 yanayounganishwa kwa kipande cha ndani ndiyo rahisi kubeba, ila yana ila mbili. Kwanza, metali hupitisha joto, hivyo kigingi huyeyusha barafu chini yake na kuzama polepole. Ziba ncha ya chini kwa kizibo cha mbao au plastiki. Pili, jua hupasha bomba na kuchimba kishimo kuzunguka kigingi. Fimbo za mbao hazizami hivyo, lakini tundu likijaa maji huelea na kupanda, nawe utasoma uyeyukaji ambao haujatokea. Ukichagua mbao, subiri hadi tundu ligande ndipo uchukue kipimo cha kwanza.

Piga alama za rangi kila nusu mita na namba inayoonyesha umbali kutoka ncha ya chini. Namba zikihesabiwa kutoka juu, kipande cha juu kikivunjika umepoteza kila kitu. Zikihesabiwa kutoka chini, mabaki ya kigingi bado yanasomeka.

Barafuto hutembea, na kigingi hutembea nayo. Kila ziara rekodi mahali kilipo kwa kipokezi cha satelaiti. Kikishuka mbali na mahali pake pa awali, choma kipya pale pa zamani na ukipe jina jipya, kwa mfano namba ya kituo ikifuatiwa na mwaka wa kuchomwa. Kurudia jina la zamani ni mbegu ya fujo: baada ya miaka kumi hakuna atakayejua kwa nini kigingi cha 5 "kilikua" mita 4 usiku mmoja.

Kuna jaribu la kuviacha vigingi na kupima tu mwinuko wa uso kwa satelaiti kila mwaka mahali palepale. Hilo halitoi mizania ya mahali hapo. Barafu inayotiririka kutoka juu huunyanyua uso wa ulimi wa chini huku jua likiuteremsha, na kipokezi huona tofauti ya hayo mawili tu. Kigingi kimefungwa ndani ya barafu yenyewe, ndiyo maana kinasema ukweli.

Shimo la theluji

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kina cha theluji hupimika haraka, lakini densiti, yaani uzito kwa kila ujazo, ndiyo inayogeuza kina kuwa maji, nayo haikisiwi. Theluji iliyoanguka leo inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo. Iliyotulia huwa 200 hadi 300, na ya mwisho wa majira ya baridi mara nyingi 350 hadi 500. Firni, yaani theluji iliyovuka angalau majira mamoja ya joto bila kuwa barafu, huanzia karibu 400 na kupanda hadi 830 hivi, pale matundu ya hewa yanapojifunga. Barafu safi ni 917, na ya barafuto huhesabiwa 900 kwa sababu ya viputo.

1. Chagua mahali tambarare, mita kadhaa kutoka kigingi, upande wa chini wa mteremko. Usichimbe karibu na kigingi chenyewe, kwa kuwa shimo litakusanya theluji na maji na kuharibu usomaji ujao.
2. Elekeza ukuta wa kupimia mahali pasipo na jua. Ukuta uliopigwa na jua huanza kulowa kabla hujamaliza. Mtu yeyote asikanyage juu ya ukuta huo, na theluji ya sepetu itupwe upande mwingine.
3. Chimba hadi uso wa majira ya joto yaliyopita. Dalili zake ni vumbi, rangi ya kijivu, barafu au firni ngumu, na chembe kubwa za mviringo. Dalili moja peke yake haitoshi. Mvua ya Januari huacha tabaka la barafu linalofanana sana na uso huo.
4. Simamisha tepu wima, sifuri ikiwa chini. Chora tabaka kwenye daftari: kina, ugumu, ukubwa wa chembe, barafu nyembamba.
5. Ingiza mrija wa ujazo unaojulikana kwa ulalo, kila sentimita 10 hadi 25, bila kuacha pengo. Kata kwa bati jembamba pande zote mbili na upime uzito. Toa uzito wa mrija mtupu.
6. Pima halijoto kila sentimita 10. Theluji yote ikiwa sifuri, uyeyukaji umeshaanza, na sehemu ya mapato inaweza kuwa imeshateremka chini ya ukuta wako.
7. Fukia shimo.

Mrija wa sentimita za ujazo 500 wenye gramu 215 za theluji unatoa 0.43 g kwa sentimita ya ujazo, sawa na kilo 430 kwa mita ya ujazo. Shimo la mita 2.40 lenye wastani huo lina mita 1.03 za maji. Wastani huo uzingatie unene wa kila tabaka, si namba za sampuli tu. Kama tabaka moja lina sentimita 60 na jingine 10, haviwezi kuwa na kura sawa.

Mizani ya springi hudanganya kwenye baridi na upepo. Ipime asubuhi na jioni kwa uzito unaoujua, kwa mfano chupa ya maji iliyopimwa nyumbani, na uandike matokeo. Tabaka la barafu la sentimita 3 mrija hautaliingia. Lipime unene na ulihesabu kwa 900. Wanaoliruka hupunguza mapato yao bila kujua.

Daftari liandikwe kwa penseli, kwani wino huganda au huyeyushwa na theluji. Kila ukurasa uwe na tarehe kamili, saa, majina ya waliopima, hali ya hewa na namba ya kifaa. Andika usomaji mbichi, kamwe si jibu lililokwisha kupigiwa hesabu kichwani. Namba iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja ili ibaki inaonekana.

Fimbo ya kina

Shimo moja hueleza sehemu moja. Kati ya mashimo, choma fimbo nyembamba ya chuma kila mita 50 hadi 100, mara tatu kila kituo, katika pembetatu ya hatua moja moja, uchukue wastani. Kwenye eneo la uyeyukaji fimbo hugonga barafu na mlio hauna utata. Juu, kwenye firni, ni shida: fimbo inaweza kusimama kwenye tabaka la mvua ya Januari, au ikapita uso wa mwaka jana na kuingia firni ya miaka miwili nyuma. Kwa hiyo anza kuchoma pembeni ya shimo ulilokwisha chimba, ujue mkono unahisi nini kwenye kina cha kweli, kisha sogea. Kina kikiruka ghafla sentimita 80 kati ya vituo viwili bila sababu ya ardhi, rudia kabla hujaondoka. Ukitembea na fimbo juu ya theluji iliyofunika nyufa, mtakuwa mmefungwa kwa kamba, na wa mbele ndiye anayechoma.

Usomaji wa mwisho wa majira ya joto

Laza ubao au mpini wa shoka la barafu juu ya uso kando ya kigingi ili kile kishimo cha joto kisikudanganye, kisha pima kutoka ubao hadi ncha ya juu. Kigingi kikiwa kimeinama, pima urefu na pembe. Mita 3 zilizoinama digrii 20 ni mita 2.82 za wima, na sentimita 18 hizo ni kubwa kuliko makosa mengine yote ya kigingi yakijumlishwa. Kikiwa kimelala kabisa, kiandike kimelala. Usikisie. Andika pia uso ulivyo: barafu tupu, firni, au theluji mpya na kina chake, kwa sababu theluji hiyo mpya ni ya mwaka unaofuata.

Hesabu ya kigingi kimoja, na kosa lake maarufu

Tuseme mwezi Mei kigingi kilijitokeza mita 0.62 juu ya theluji. Theluji ilikuwa na kina cha mita 1.85 na densiti 420. Mizania ya majira ya baridi ni 1.85 × 0.42, yaani +0.78. Mwishoni mwa Septemba kigingi kimejitokeza mita 4.75 juu ya barafu tupu. Uso umeshuka mita 4.13: 1.85 za kwanza ni theluji, 2.28 zilizobaki ni barafu. Barafu hiyo ni 2.28 × 0.9, sawa na mita 2.05 za maji. Mizania ya majira ya joto ni −2.83, na ya mwaka ni 0.78 − 2.83, yaani −2.05.

Kosa lenyewe ni kuzidisha mita 4.13 zote kwa 0.9. Utapata 3.72 badala ya 2.83, na karibu mita 0.9 za maji ambazo hazijawahi kuwepo. Kosa hilo huonekana sana kwenye majedwali ya watu waliopokea data bila daftari, kwa kuwa jedwali lina safu ya "kushuka kwa uso" lakini halina safu ya "uso ni nini".

Kwenye eneo la mlimbiko, yaani sehemu ya juu ambako mapato huzidi matumizi, kuna tatizo lisiloonekana: maji ya juu hupenya hadi chini ya uso wa mwaka jana na kuganda humo. Shimo lako halikufika huko, hivyo mapato hayo hayahesabiwi. Taja hilo kama upungufu wa njia. Usilizibe kwa namba uliyobuni.

Barafuto nzima

Gawanya barafuto kwa kanda za mwinuko za mita 50 au 100, kadiria mizania ya kila ukanda, zidisha kwa eneo lake, jumlisha, gawanya kwa eneo lote. Kwa mfano:

- mita 1,000–1,100: km² 1.2, mizania −2.1
- mita 1,100–1,200: km² 2.0, mizania −0.9
- mita 1,200–1,300: km² 1.8, mizania +0.4

Jumla ni −2.52 − 1.80 + 0.72, yaani −3.60. Ukigawanya kwa km² 5.0 unapata −0.72, sawa na mita za ujazo milioni 3.6 za maji zilizoondoka. Wastani wa kawaida wa zile namba tatu ungekuwa −0.87. Tofauti ya 0.15 inatokana na kusahau eneo tu.

Eneo lenyewe liwe la mwaka gani? Barafuto inayorudi nyuma hupoteza ulimi wake wa chini, sehemu inayoyeyuka kuliko zote. Ukiendelea na ramani ya miaka ishirini iliyopita unaendelea kuhesabu hasara ya barafu ambayo haipo tena. Sasisha mpaka kila baada ya miaka michache, andika tarehe ya picha iliyotumika, na toa jedwali la eneo kwa kila ukanda ili mwingine aweze kukokotoa upya.

Kiasi cha shaka

Makala isiyo na kiasi cha shaka haivuki hatua ya kwanza. Kwa lile shimo la mita 2.40: densiti 430 ± 20 ni karibu asilimia 4.7, kina 2.40 ± 0.05 ni asilimia 2.1. Viwili hivyo vikipigwa mraba, vikajumlishwa na kutafutwa kipeuo cha pili, vinatoa asilimia 5.1, yaani mita 1.03 ± 0.05. Hilo ni kosa la mahali pamoja. Kosa la kusambaza vituo vichache juu ya barafuto nzima huwa kubwa zaidi, na njia nyepesi ya kulipima ni kuondoa kigingi kimoja kimoja, kukokotoa upya kila mara na kuona jibu linayumba kiasi gani. Makosa ya kubahatisha hupungua miaka ikiongezeka. Makosa ya upande mmoja, kama kigingi kinachozama, hujikusanya, na baada ya miaka 15 yanaweza kuwa makubwa kuliko ishara unayoitafuta.

Ndiyo maana mfululizo mrefu huhitaji shahidi wa nje. Linganisha ramani mbili za mwinuko zilizoachana miaka 10 hivi, pata badiliko la ujazo, ligeuze kuwa tungamo. Kwa kipindi kinachozidi miaka 5 hivi, thamani inayotumiwa sana ni kilo 850 ± 60 kwa mita ya ujazo, iliyopendekezwa na mtafiti wa barafuto Matthias Huss 2013. Haifai kwa mwaka mmoja au miwili, wala pale firni inapobadilika ghafla. Kabla ya kutoa ramani moja kutoka nyingine, zilinganishe kwenye miamba isiyosogea nje ya barafu. Miteremko ya mashariki ikionekana "imepanda" na ya magharibi "imeshuka", ramani zimepishana kwa ulalo. Njia ya watafiti Nuth na Kääb ya 2011 hulirekebisha hilo. Jumla ya vigingi na jumla ya ramani zikitofautiana nje ya kiasi cha shaka, zionyeshe zote mbili kwenye makala, kisha eleza ni ipi uliyorekebisha na kwa nini. Mhakiki atakuheshimu zaidi kwa pengo lililoelezwa kuliko kwa ulingano wa ajabu.

Kuandika

Anza na ramani na jedwali, si utangulizi. Vikikamilika, makala imeshajipanga. Ramani iwe na kipimo cha umbali, gridi ya viwianishi, mwelekeo wa kaskazini, tofauti ya kontua (mistari ya mwinuko), vigingi vyote kwa majina yale yale ya jedwali, na tarehe ya mpaka wa barafuto. Grafu ya mizania iwe na mstari wa sifuri unaoonekana. Usitegemee nyekundu dhidi ya kijani, kwani wapo wasomaji wasiozitofautisha. Picha ziwe na angalau nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa wa kuchapwa, na kila picha ya barafuto iwe na tarehe na upande kamera ilikoelekea. Bila tarehe, picha ya ulimi wa barafu ni pambo.

Kichwa kitaje jina la barafuto, eneo na miaka. Ikisiri, kwa kawaida maneno 150 hadi 250, ibebe namba kuu pamoja na kiasi chake cha shaka. Sehemu ya njia iwe ndefu kuliko unavyodhani inafaa. Ijibu mfumo wa tarehe, idadi ya vigingi kila mwaka (hupungua na kuongezeka, toa jedwali), vigingi vilivyopotea, namna ya kujaza mapengo. Mjadala uwe mfupi. Ukilinganisha na Storglaciären ya Uswidi, yenye mfululizo usiokatika tangu 1945/46, linganisha kwa miaka ileile na kwa mfumo uleule.

Majina ya mahali yaandikwe kwa tahajia ya wenyeji. Öræfajökull, volkano ya Iceland iliyofunikwa na barafu, haiwi "Oraefajokull" kwa sababu kibodi yako haina herufi hizo. Pachika fonti ndani ya faili la PDF, vinginevyo æ, ð na þ hugeuka viboksi. Marejeleo nayo yana mtego: Waislandi wengi hawana jina la ukoo bali jina linalotokana na la baba au mama, na majarida hutofautiana katika kuwapanga kwa jina la kwanza au la pili. Fungua toleo la karibuni uige. Kwa Jökull, makala za Kiingereza huambatana na muhtasari wa Kiislandi, na majarida mengine ya kikanda yana sharti kama hilo. Muhtasari huo mpe mwanajiolojia anayeizungumza lugha hiyo auandike, kwani programu ya tafsiri huchanganya firni na theluji bila aibu.

Usidharau vipimo vidogo. Nchini Iceland, Jón Eyþórsson alianzisha mnamo 1930 upimaji wa kila mwaka wa ncha za barafuto, kazi inayofanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, na matokeo huchapishwa jaridani. Umbali kutoka alama isiyosogea hadi ukingo wa barafu, kwa mwelekeo uleule, kila vuli: hiyo ni ripoti kamili ya nusu ukurasa.

Data

Weka data mbichi kwenye hifadhi ya umma yenye DOI (namba ya kudumu ya utambulisho mtandaoni) kabla ya kutuma mswada, na utume nakala ya mizania kwa World Glacier Monitoring Service huko Zürich, inayokusanya mifululizo ya dunia nzima. Safu zinazohitajika ni jina la kigingi, viwianishi na mfumo wake, mwinuko, tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, usomaji, aina ya uso, densiti, alama ya ubora. Pengo lisiandikwe sifuri, maana sifuri ni mizania halali. Angalia pia nukta ya desimali: kompyuta iliyowekwa kwa lugha za Ulaya nyingi huandika koma, na 2,28 ikifunguliwa kwingine huwa 228.

Kutuma na kujibu wahakiki

Hakikisha jarida lina ISSN (namba ya kimataifa ya majarida), bodi ya wahariri inayojulikana na kumbukumbu za matoleo ya nyuma. Anayekuandikia akiahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa malipo, mpuuze. Mswada usitumwe majarida mawili kwa wakati mmoja. Barua ya kuambatisha iwe ya aya moja: nini kipya, miaka mingapi, data iko wapi. Weka namba za mistari.

Maoni yakirudi, nakili kila hoja, jibu chini yake, taja mstari uliobadilika. Mhakiki akikosea, onyesha usomaji na tarehe, bila ukali. Akisema kigingi fulani hakiaminiki, mara nyingi anakijua: kokotoa upya bila hicho na umpe namba zote mbili.

Nakala ya mwisho ya kusahihisha ikija, anza na majedwali. Upangaji wa kurasa hula alama za kutoa, na −0.72 inayochapwa 0.72 inageuza barafuto inayokufa kuwa inayonenepa. Soma kila namba ukilinganisha na faili lako, mtu mwingine akikutamkia kwa sauti. Kosa likigundulika baada ya kuchapishwa, mwandikie mhariri atoe masahihisho, na siku hiyo hiyo pandisha toleo jipya la data lenye namba yake, la zamani likibaki mahali pake.